Maziwa ya mama aliyelazwa: ugonjwa ndio unayakausha, au ni ratiba ya wodi?

#1 Sista_wa_Zamu
Habari zenu wote. Naanza na dai, mnikosoe panapostahili.

Mama anayenyonyesha akilazwa wodi ya upasuaji, au wodi nyingine yoyote isiyo ya wazazi, kufikia siku ya tatu utasikia "maziwa yamekauka". Lawama inaenda kwa ugonjwa. Mimi nasema ugonjwa unasingiziwa. Kinachokausha ni ratiba. Fungueni faili lake mwone: joto limeandikwa, presha imeandikwa, mkojo umepimwa kwa mililita, dawa zina saa zake. Titi halimo. Hakuna anayejua lilikamuliwa lini mara ya mwisho.

Tuchukue mfano tusije tukaongea hewani. Mama ana mtoto wa wiki 6, ametolewa kidole tumbo, mtoto yuko Kayole, mtaa wa Nairobi, na shosho (bibi) yake. Mtoto wa umri huo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mama ameingia theta, yaani chumba cha upasuaji, asubuhi, ameamka mchana, jioni ana maumivu, usiku kalala. Saa 14 zimepita na hakuna tone lililotoka. Titi likikaa limejaa hivyo, ndani ya maziwa yenyewe kuna kitu kinachoamuru chembe za titi zipunguze kazi. Siku mbili za namna hiyo, uzalishaji unaanza kushuka.

Mnakubali? Wodi isiyo na bajeti mpya ifanye nini? Na maziwa yafike Kayole vipi yakiwa salama?

#2 MkungaMstaafu
Nakubali nusu, sista. Hata ukiliweka titi kwenye chati, kama nesi hajui kukamua kwa mkono mtaandika sifuri kila saa 3. Wengi huvuta chuchu. Chuchu haiweki maziwa, ni mlango tu.

Fanya hivi. Mama anawe mikono kwa sabuni. Kikombe cha mdomo mpana kioshwe, kijazwe maji yaliyochemka, kikae dakika chache, maji yamwagwe wakati wa kukamua. Kidole gumba juu ya titi, cha shahada chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu. Kwanza sukuma kuelekea mbavuni. Halafu bana vidole vikutane nyuma ya weusi wa titi. Achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi; vikiteleza vinachubua na maziwa hayatoki. Dakika moja au mbili za kwanza unaweza usione kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Endelea. Yakianza kuchuruzika, zungusha vidole upande mwingine wa titi ili kila sehemu iguswe. Dakika 3 hadi 5 titi moja, hamia la pili, rudi la kwanza. Kazi nzima ni dakika 20 hadi 30.

Ikiuma, kuna kitu unakosea.

#3 DawaKaunta
Naleta upande wa famasi, kwa sababu @Sista_wa_Zamu ameisamehe dawa mapema mno. Kuna dawa zinazopunguza maziwa kweli. Pseudoefedrini, ile iliyomo kwenye vidonge vingi vya mafua: miligramu 60 mara moja tu zinaweza kushusha maziwa ya siku hiyo kwa karibu robo. Kabagolini na bromokriptini hukata kabisa, ndiyo kazi yake. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupunguza. Dawa za kuondoa maji mwilini kwa dozi kubwa zinatiliwa shaka. Klofeniramini ya mzio, ikitumika kwa wingi na kwa siku nyingi, nayo imo kwenye orodha, hasa ikichanganywa na hiyo ya mafua.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu saa ya ukutani, soma karatasi ya dawa.

#4 Sista_wa_Zamu
@DawaKaunta asante, lakini mama wa kidole tumbo hupewa seftriaksoni, metronidazoli na parasetamoli. Ipi hapo inakausha?

#5 DawaKaunta
Hakuna hata moja. Hapo umenishika. Zote tatu mtoto anaendelea kunyonya. Metronidazoli kwa dozi za kawaida ni sawa. Ushauri wa kungoja ulikuwa wa ile dozi moja kubwa ya gramu 2. Inaweza kubadilisha ladha ya maziwa kidogo, basi.

Tatizo kubwa ni la pili: mama anaambiwa "usinyonyeshe, unatumia dawa" na mtu ambaye hajaangalia dawa yenyewe. Swali sahihi ni kiasi gani kinamfikia mtoto kulingana na uzani wake. Kikiwa chini ya asilimia 10 ya dozi ya mama kwa kila kilo, dawa nyingi huhesabiwa salama. LactMed, hifadhidata ya dawa na unyonyeshaji, ni bure mtandaoni, tafuta jina la dawa kabla ya kutoa amri. Wodi ikiwa na simu moja yenye bando, hakuna sababu ya kukisia.

#6 Ganzi_na_Usingizi
Kwa upande wa theta: ule ushauri wa "kamua umwage kwa saa 24 baada ya dawa ya usingizi" umepitwa na wakati. Propofoli na fentanili ya theta hutoka haraka. Mama akiwa macho kabisa, anajibu vizuri na anaweza kumshika mtoto bila kumwangusha, anyonyeshe. Ganzi ya mgongoni haina neno.

Ninalosisitiza ni mambo mawili. La kwanza, mama anyonyeshe au akamue DAKIKA CHACHE kabla ya kuitwa theta. Upasuaji ukichelewa, na huchelewa, akamue tena akiwa kwenye foleni. La pili, dawa ya maumivu baadaye. Parasetamoli na ibuprofeni mpe kwa saa zake, usingoje alie. Kodeini na tramadoli ziepuke; mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 kwa akina mama wanaonyonyesha. Kuna watu ambao ini lao hugeuza kodeini kuwa mofini haraka kupita kiasi, na mtoto anasinzia hadi kushindwa kupumua. Watu hao ni wengi zaidi kati ya wenye asili ya Ethiopia kuliko kwingine kwingi, na hapa Nairobi tunawahudumia kila wiki. Pethidini nayo iache, mabaki yake hukaa mwilini mwa mtoto mchanga muda mrefu.

Na niongeze nadharia yangu: maumivu. Mama mwenye maumivu hatoi maziwa hata kama yamo. Yanatengenezwa, hayashuki. Kwa hiyo si ratiba tu.

#7 NjahiNaUji
Mnazunguka sana. Mama aliyenyimwa chakula tangu usiku, halafu akapewa chai ya rangi na kipande cha mkate, maziwa yatoke wapi? Apelekewe njahi na uji wa wimbi, mtaona.

#8 LisheSaaNane
@NjahiNaUji nilijua utafika na sufuria lako 😄 Tukutane katikati. Njahi ni chakula kizuri: protini, chuma, nguvu, na ni moto. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Lakini njahi haiwashi titi. Mama anayekula kidogo kwa siku mbili hutengeneza maziwa kwa akiba ya mwili wake. Anayeumia kwanza ni yeye. Hata maji, kumlazimisha anywe lita na lita hakuongezi tone. Anywe kwa kiu, jagi liwe mahali anapofikia bila kuinuka.

Ila kufunga kwa muda mrefu kuna hatari yake kwa mama anayenyonyesha: damu inaweza kujaa asidi, akaanza kutapika na kuhema kwa nguvu. Ni nadra, lakini anayekaa siku nzima bila kula akingoja theta asiachwe bila dripu yenye glukosi.

#9 NjahiNaUji
Sawa, lakini mama akila vizuri anatulia, akitulia maziwa yanashuka. Hilo @Ganzi_na_Usingizi amelisema kwa maneno ya theta.

#10 CHP_Kayole
Habari. Mmesahau swali la tatu, maziwa kufika kwa mtoto. Huku mtaani hilo ndilo tunaulizwa.

Maziwa yaliyokamuliwa yakikaa kwenye joto la chumba hadi digrii 25 yatumike ndani ya saa 4. Kwenye friji ya digrii 4, siku 4. Kwenye kisanduku cha baridi chenye pakiti za barafu zilizoganda vizuri, saa 24. Kutoka hospitali ya mjini hadi Kayole, jioni yenye jam ya Jogoo Road, unaweza kumaliza saa 2 barabarani. Bila barafu umekula nusu ya muda wako. Kwa hiyo kisanduku ni lazima, na maziwa yawe yameshapoa kabla ya kutiwa humo. Chombo cha moto kinayeyusha barafu na kupasha maziwa ya jana.

Chombo kiwe na kifuniko kinachobana. Weka kipimo cha mlo mmoja mmoja. Mtoto wa kilo 5 anahitaji kama mililita 750 kwa siku (150 kwa kila kilo), ukigawa kwa 8 ni karibu 95. Ukijaza chupa ya mililita 250, shosho atafungua, mtoto ataacha nusu, na mabaki ya mdomoni hayapiti saa 2.

Kupasha: kikombe cha maziwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Si jikoni, si maikrowevu. Mafuta yakielea juu, zungusha polepole yachanganyike, hayajaharibika. Na shosho amnyweshe kwa kikombe kidogo: mtoto akae wima mapajani, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye midomo tu, alambe mwenyewe. Usimmiminie.

#11 BabaPacha_Umoja
Maswali mawili. Kwa nini kikombe na si chupa? Na stima ikipotea?

#12 CHP_Kayole
Kikombe huoshwa kwa sabuni kikaisha. Chupa ina kona na chuchu ya mpira ambako maziwa huganda na vijidudu vikaota. Pia mtoto mdogo akizoea mtiririko wa chupa, mama akirudi anaweza kulipigania titi. Stima ikipotea, usifungue friji ovyo, na maziwa yahamie kwenye kisanduku chenye barafu.

#13 Fundi_Vifaa
Nipenyeze la pampu, kwa sababu mara nyingi "maziwa yamekauka" ni pampu imekufa. Mashine inanguruma, mama anaamini inavuta, kumbe vali, kile kijiulimi cha mpira mweupe chini ya faneli (kikombe kinachokaa kwenye titi), kimepasuka au kimegeuzwa. Jaribu: ziba mdomo wa faneli kwa kiganja. Kiganja kisipovutwa, vali au bomba lina tundu. Bomba likiwa na matone ndani, lining'inize likauke, usilirudishe kwa mgonjwa.

Faneli nayo ina saizi: 21, 24, 27 na kuendelea. Tundu lipite upana wa chuchu kwa milimita chache tu. Ikibana, chuchu inasuguliwa na mama anaacha kwa maumivu. Ikiwa pana, weusi wa titi unaingia wote na maziwa hayatoki.

Zile za mkono zenye puto la mpira kama honi ya baiskeli, msinunue. Maziwa hurudi ndani ya puto na hakuna brashi inayofika huko.

Usafi: suuza kwa maji baridi kwanza (maji moto hugandisha protini kwenye plastiki), osha kwa sabuni kwenye beseni lake peke yake, si kwenye sinki la wodi. Chemsha dakika 5, uache ikauke kwa hewa. Taulo ya wodi isiiguse.

#14 MkungaMstaafu
Fundi kasema kweli. Na ndiyo maana mkono unashinda: hauna vali.

#15 SheriaMkononi
Kuna jambo hamjagusa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 71 na 72, inataka chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa, friji, soketi ya pampu, meza na kiti kizuri. Hospitali isiyokuwa nacho imevunja sheria. Mgonjwa adai haki yake.

#16 Sista_wa_Zamu
@SheriaMkononi ngoja kidogo. Vifungu hivyo vinamzungumzia mwajiri na mfanyakazi wake. Vinamlinda nesi anayenyonyesha, sivyo mgonjwa aliyelala kitanda cha 14.

#17 SheriaMkononi
Ni kweli, narekebisha. Vinamhusu mwajiri. Lakini hospitali ni mwajiri, kwa hiyo chumba kinatakiwa kuwepo jengoni. Kumruhusu mgonjwa akitumie, au kuazima friji yake, ni uamuzi wa uongozi tu. Na sheria ya maziwa mbadala ya 2012 inakataza kampuni kugawa sampuli za bure za maziwa ya kopo hospitalini. Anayempa mama aliyelazwa kopo la "kumsaidia" aijue.

#18 Mtoto_wa_Mathare
Kwani si hospitali ya uzazi ya Pumwani wana benki ya maziwa tangu 2017? Huyo mtoto wa Kayole apelekewe kutoka huko.

#19 MkungaMstaafu
Ilifunguliwa 2019, na ni ya kwanza nchini. Lakini haifanyi kazi kama duka. Maziwa ya wachangiaji waliopimwa hupashwa digrii 62.5 kwa dakika 30, halafu hupewa wachanga waliolazwa wenye uhitaji mkubwa: waliozaliwa kabla ya wakati, wenye uzani mdogo, ambao mama zao hawawezi kutoa kwa sasa. Mtoto wa wiki 6 mwenye afya nyumbani hayuko kwenye foleni hiyo. Yeye benki yake ni mama yake aliyelala wodini, ndiyo maana tunapigania titi hilo.

#20 Wodi_ya_Kifua
Naomba msiishie kwa kidole tumbo, hicho ni rahisi. Mama mwenye TB ya mapafu? Maziwa hayabebi TB, hewa ndiyo inabeba. Anyonyeshe akiwa na barakoa, dirisha wazi, mtoto apewe dawa za kinga baada ya kuhakikisha hajaugua, na chanjo ya BCG ingoje hadi amalize. Akiwa na TB sugu au amezidiwa, akamue, mwingine anyweshe.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI: hatari kubwa ni kulazwa bila vidonge vyake. ARV zake zifike wodini siku hiyo hiyo, na dawa ya kinga ya mtoto isikatike kule nyumbani. Mtoto aliye chini ya miezi 6 asianzishiwe uji na maziwa ya ng'ombe juu ya ya mama eti kwa sababu mama hayupo wiki moja. Kuchanganya ndiko kunaumiza utumbo na kuvifungulia virusi njia.

Malengelenge ya hapizi kwenye titi: titi hilo lisinyonywe wala maziwa yake yasitumiwe hadi vidonda vikauke, la pili liendelee.

#21 PichaNdani
Kutoka chumba cha siti skani: akina mama bado wanaambiwa wamwage maziwa saa 24 hadi 48 baada ya sindano ya rangi, ile ya kufanya viungo vionekane kwenye picha. Haihitajiki. Rangi ya ayodini inayoingia kwenye maziwa haifiki asilimia 1 ya dozi, na utumbo wa mtoto hufyonza chini ya asilimia 1 ya hiyo. Ya MRI ni ndogo zaidi. Anyonyeshe kama kawaida.

Hilo lisichanganywe na dawa za mionzi. Ayodini 131 ya goita au saratani ya tezi: kunyonyesha kunakoma kabisa kwa mtoto huyo, tena wiki kadhaa kabla ya dozi, ili titi lenyewe lisinyonye mionzi. Teknishiamu ya skani ina masharti yake, uliza kwa kila kipimo. Dawa nyingi za saratani pia hapana.

#22 BabaPacha_Umoja
Sasa kwa nini mtoto asiletwe tu hospitalini anyonye? Mnahangaika na barafu bure.

#23 Sista_wa_Zamu
Ndiyo njia bora ikiwezekana. Hata mara 2 au 3 kwa siku, shosho amlete hadi eneo la wageni na mama ashuke kwa kiti cha magurudumu. Kumlaza wodini kuna maswali matatu: kuna surua au nimonia kwenye vitanda vya jirani? Nani anamwangalia mama akienda msalani au akipewa dawa ya kusinzia? Kitanda cha wodi ni chembamba na kirefu kwenda juu, mtoto huanguka upande usio na kizuizi. Kwa hiyo awepo mtu mzima wa pili, mwenye afya, saa zote. Nesi mmoja mwenye wagonjwa 30 si mlinzi wa mtoto.

Mama wa kovu la tumbo alale kwa ubavu, mto mdogo juu ya kovu, mtoto naye kwa ubavu mkabala. Au ampakate chini ya kwapa, miguu ya mtoto ikielekea mgongoni mwa mama, isipige mshono.

#24 Ganzi_na_Usingizi
Nyongeza hapo: branula, kile kimrija cha dripu, iwekwe kwenye kigasha, mkono asioutumia sana. Isiwekwe kwenye kiwiko. Kila akikunja mkono kumpakata mtoto, dripu inasimama na mashine inalia, na mwishowe anaambiwa amweke mtoto chini. Sindano ya sekunde 30 imeamua unyonyeshaji wa siku nne.

Na mtoto akiwa ndiye mgonjwa wa theta: maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla ya usingizi, ya kopo saa 6. Miongozo mipya ya Ulaya imeshusha ya mama hadi saa 3. Asifungishwe tangu usiku kama mtu mzima.

#25 DawaKaunta
Nimerudi na nadharia nyingine, @Sista_wa_Zamu asidhani nimesalimu amri. Mama aliyejifungua juzi na kupoteza damu nyingi: tezi ya ubongoni inayotoa homoni ya maziwa inaweza kuumia, na hapo ratiba nzuri kiasi gani haitaleta kitu. Kipande cha kondo kikibaki tumboni, maziwa hayaji siku ya 2 hadi 4 kama inavyotarajiwa. Upungufu mkubwa wa damu pia. Ukiona amekamuliwa mara 8 kwa siku, vizuri, na bado hakuna kitu, mwite daktari achunguze. Usimwambie "jitahidi".

#26 LisheSaaNane
Hilo ni kweli kwa aliyejifungua juzi. Kwa mtoto wa wiki 6 maziwa yalikuwepo hadi jana, kwa hiyo narudi kwa #1 na #6: hayatolewi, au hayashuki.

#27 MkungaMstaafu
Kuna swali la titi lililovimba, nataka nisikie wengine. Sisi tulifundishwa maji moto, kukanda kuelekea chuchuni, kumaliza titi lote. Kwa titi gumu sana kuna hata njia ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana: ijaze maji moto, iache dakika chache, mwaga, poza mdomo wake ili usiunguze, chuchu iingie ndani na izibe vizuri; chupa ikipoa inavuta yenyewe taratibu.

#28 Wodi_ya_Kifua
Mwongozo wa 2022 wa madaktari wa unyonyeshaji umegeuza hayo, mama. Sasa ni kitambaa cha baridi, ibuprofeni, mguso mwepesi juu ya ngozi tu, na kutokamua kupita anachohitaji mtoto. Kukanda kwa nguvu huumiza tishu na kuongeza uvimbe. Kukamua mno huongeza uzalishaji na mzunguko unaanza upya. Homa ikidumu zaidi ya siku moja, antibiotiki. Jipu likipatikana, litobolewe, na kunyonyesha kuendelee.

#29 MkungaMstaafu
Nimeusoma. Lakini unamzungumzia mama mwenye mtoto mkononi anayenyonya akitaka. Huyu wetu mtoto yuko Kayole. Ukimwambia "usikamue sana" atasikia "usikamue". Baridi nakubali. Kuacha titi likiwa jiwe sikubali.

#30 Wodi_ya_Kifua
Akamue kiasi kile mtoto angenyonya, mara zile zile. Tofauti yetu si kubwa kama inavyosikika, ingawa kwenye kukanda sisogei.

#31 Nafuatilia_Tu
Na mama aliye ICU, hajitambui?

#32 Sista_wa_Zamu
Akamuliwe kila saa 3 hadi 4, kwa idhini ya familia, na nesi au dada yake aliyefundishwa. Hata maziwa yakimwagwa kwa sababu ya dawa fulani, kumkamua kunazuia jipu na kunaweka titi hai hadi aamke. Ameamka, mpe picha au leso yenye harufu ya mtoto. Maziwa yanashuka kwa hayo kweli.

Nimeokota mengi hapa. Bado naona ratiba ni mzizi. Zile Hatua Kumi za WHO na UNICEF za kusaidia unyonyeshaji kwenye hospitali rafiki kwa mtoto zilitoka 1989, zikafanyiwa marekebisho 2018, lakini ziliandikiwa huduma za uzazi na wachanga. Mama akivuka mlango kuja kwetu upasuaji, hakuna karatasi inayomfuata. Kwa hiyo tunaongeza mstari mmoja chini ya presha kwenye chati: saa 12, 3, 6 na 9, mchana na usiku. Ni mara 8 kamili, na nne kati yake zinaangukia saa za dawa za kila saa 6. Usiku usirukwe, homoni ya maziwa huwa juu kati ya saa 7 na 11 za usiku.

#33 Fundi_Vifaa
Mstari huo uwe na nafasi ya mililita na upande, kushoto na kulia. Upande mmoja ukishuka peke yake, angalia faneli kwanza.

#34 Ganzi_na_Usingizi
Na angalia kama ndio upande wa branula.

#35 CHP_Kayole
Lebo ya chombo: jina la mama, namba ya faili, tarehe, saa, na dawa mpya kama ipo. Andikeni kwa kalamu isiyofutika juu ya plasta. Kalamu ya kawaida hufutwa na unyevu wa barafu. @Sista_wa_Zamu, friji ya wodi ufunguo hukaa na nani usiku? Shosho akija saa 12 asubuhi kuchukua ya saa 9 usiku, asikute mwenye ufunguo ameshatoka zamu.

#36 Sista_wa_Zamu
Hukaa kwa msimamizi wa mchana. Kesho unahamia kwenye trei ya dawa.